Kukisoma Kipande: Kumbukumbu za Ushonaji wa Mabaki ya Vitambaa Arusha na Meru

Ushonaji wa vipande ni kazi ya kuunda kitu kipya chenye matumizi kutokana na mabaki ya vitambaa, nguo zilizochakaa na vitu vya nyumbani vilivyokwisha kazi yake ya kwanza, kama vile viroba vya unga, mashuka yaliyolika katikati na suruali za mitumba zilizopasuka magotini. Katika jiji la Arusha na katika vijiji vinavyoupanda Mlima Meru kazi hii imefanywa kwa vizazi kadhaa, lakini ni nadra kuiona ikiandikwa kama ufundi, kwa sababu watu wengi wameihesabu kuwa njia ya kusitiri umaskini. Kumbukumbu hizi, ambazo mwandishi wake alizipata kwanza utotoni katika nyumba ya bibi yake upande wa Akheri kwenye miteremko ya Meru, na baadaye kwenye vibaraza vya mafundi wa Ngarenaro mjini Arusha, zinatetea hoja nyingine: mshona vipande hulazimika kujua mambo ambayo fundi anayekata kitambaa kipya anaweza kukaa miaka mingi bila kuyahitaji, na la kwanza kati ya mambo hayo ni kukisoma kipande kabla ya kukitia sindano.

Kusoma kipande maana yake ni kuchunguza mambo manne, nayo ni aina ya uzi uliokifuma, upande ambao nyuzi zake zimelala, umri wake, na kazi iliyokichosha. Kila kitambaa kilichofumwa kina mtande, yaani nyuzi ndefu zinazotandikwa kwanza kwenye kitanda cha mfumi, na mshindio, yaani nyuzi zinazopitishwa katikati ya zile za kwanza kutoka upande hadi upande. Kitambaa kikivutwa kwa kufuata mtande hakinyumbuki sana, kikivutwa kwa kufuata mshindio hunyumbuka kidogo, na kikivutwa mshazari, yaani kwa mstari unaokata pembe kati ya nyuzi hizo mbili, hulegea na kurefuka. Fundi anayenunua kitambaa kizima huuona mtande kwa kutazama ukingo uliofumwa kiwandani, mahali ambapo mara nyingi pamechapwa jina la mtengenezaji, lakini kipande kilichookotwa chini ya cherehani hakina ukingo, kwa hiyo anayekiokota hana budi kukiuliza kwa vidole. Hilo ndilo alilokuwa akilisisitiza bibi wa Akheri kila mjukuu alipokimbilia kipande chenye maua mekundu: "Mjukuu wangu, usikitazame rangi, kivute kwanza."

Umaarufu wa mafundi wa Arusha umejengwa na kitenge, na sehemu kubwa ya mabaki yanayopatikana mjini hutoka humo. Gauni moja likikatwa huacha vipande vyenye maumbo yanayojirudia, ambavyo mtu aliyezoea huweza kuvitaja hata kabla gauni lenyewe halijashonwa: mwezi mchanga unaotoka kwenye kwapa, duara dogo la shingo, pembetatu ndefu zinazobaki pale sketi inapopanuka kuelekea chini, na mikanda myembamba ya pembeni. Pembetatu ndizo zenye thamani kubwa, kwa kuwa kila moja ina angalau upande mmoja ulionyooka na mtande, na upande huo ukishonwa na mwenzake mshono haupindi. Vile vya kwapani vina ukingo wa mshazari unaorefuka, navyo vikiunganishwa bila uangalifu hufanya mto uliokunjana kama uso wa mtu aliyekasirika, ingawa vikikatwa kuwa mikanda hutoa utepe bora kuliko wowote wa kuzungushia kingo zilizopinda. Wanawake waliokuwa wakipita vibarazani jioni kuomba mabaki waliijua tofauti hii vizuri. "Shikamoo fundi, naomba vipande vyako," msichana angesema, na fundi angejibu, "Marahaba, chukua mwanangu, ila niachie vya kutosha mfuko," kwa sababu vipande vya ukubwa wa kiganja alivihifadhi mwenyewe kwa ajili ya bitana ya mifuko ya suruali.

Tatizo lililozidi kukua miaka ya karibuni ni kwamba vitenge vinavyofanana kwa rangi havifanani kwa uzi. Kitenge cha pamba na kitenge cha poliesta, ambayo ni uzi unaotengenezwa kwa kemikali za mafuta ya petroli, huweza kuning'inia duka moja vikiwa na maua yale yale, na vikishachanganyika katika fuko la mabaki jicho peke yake haliwezi kuvitenganisha. Jaribio la moto ndilo linalosema kweli. Nyuzi mbili tatu huchomolewa na kuwashwa juu ya sahani ya bati: uzi wa pamba huungua kwa mwali, hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, ilhali uzi wa poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Hatua hii ina uzito kwa sababu pamba mpya huweza kurudi, yaani kupungua kwa urefu na upana inapofuliwa mara ya kwanza, na poliesta karibu hairudi kabisa, hivyo vikishonwa pamoja bila kufuliwa kwanza, ufuaji wa kwanza wa mwenye mali huvuruga kazi yote. Kundi moja la akina mama wa kanisa mteremkoni liliwahi kushona foronya nzuri mno za kuuza wakati wa Krismasi, na baada ya kufuliwa kila foronya ilikuwa na mabonde na vilima. Tangu hapo kundi hilo lilifua kila kipande, pamoja na kukibana kikiwa kibichi kwenye tambara jeupe ili kujua kama rangi yake inatoka, na desturi hiyo ndiyo iliyorudisha wanunuzi wao.

Si jambo geni kwa watu wa Afrika Mashariki kuunga vipande ili kupata nguo. Simulizi za pwani zinaeleza kwamba kanga yenyewe ilianzia kwenye leso, zile hanjifu za mraba zilizoletwa na wafanyabiashara wa Kireno, ambazo wanawake walizinunua zikiwa sita bila kukatwa, wakazigawa tatu tatu na kuzishona pamoja hadi zikafanya vazi pana la mistari miwili. Vazi linaloheshimiwa kuliko mengi katika nyumba za Waswahili, linalotolewa kwa bibi harusi na kwa mzazi aliyejifungua, kwa mujibu wa simulizi hizo lilianza kwa mkono wa mwanamke aliyeunga vipande. Kwa hiyo anayeona haya kuunga vipande leo anaona haya mbele ya urithi wake mwenyewe.

Haya hiyo, hata hivyo, ina historia yake Arusha. Jiji hili ndilo lililolipa jina Azimio la Februari 1967, lililotangaza siasa ya ujamaa na kujitegemea, na katika miaka iliyofuata viwanda vya nguo vya hapa nchini, kikiwemo Kiltex kilichokuwa na kiwanda Arusha na Urafiki cha Dar es Salaam kilichojengwa kwa msaada wa China, vilitarajiwa kuwavisha Watanzania wote. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979, na wakati viwanda vikikosa fedha za kigeni za kununulia vipuri, vitambaa viliadimika na foleni zikawa sehemu ya maisha. Watoto wa kipindi hicho walivaa kaptura zenye viraka viwili nyuma, vikipigwa cherehani kwa mizunguko inayofuatana kuanzia nje kuelekea ndani hadi kitako kinakuwa kigumu kuliko kitambaa cha mwanzo, na wengi wao walipokua waliapa kwamba watoto wao hawatavaa kiraka. Serikali ilipolegeza masharti ya uagizaji wa bidhaa kuanzia 1984 na mitumba ikaingia kwa wingi, watu walipata nafasi ya kutimiza kiapo hicho, na haiwezekani kuwalaumu. Kilichopotea ni uzoefu wa kuamua wapi kiraka kinahitajika kabla tundu halijatokea, uzoefu ambao ulikuwa umekusanywa kwa taabu kubwa.

Mfano mzuri zaidi wa uzoefu huo ni ukarabati wa shuka, uliofanyika katika nyumba ya Akheri karibu kila mwaka kabla ya baridi ya Juni. Shuka huchakaa katikati, mahali ambapo mabega na nyonga hulalia, na pande zake mbili zinazoning'inia kando ya kitanda hubaki karibu mpya. Bibi alilipasua shuka kwa urefu katikati kabisa, kwa mkono na si kwa mkasi, kwa kuwa kitambaa kinachopasuliwa hufuata uzi wake mwenyewe na kunyooka. Kisha alizichukua zile kingo mbili zilizokuwa nje, akazishona pamoja zikawa katikati, na ile sehemu iliyochoka akaipeleka pembeni na kuipinda. Shuka liliishi tena muda mrefu. Liliposhindwa mara ya pili, sehemu imara zilikatwa foronya, zilizofuata zikawa nepi, na zile nyepesi kabisa zikawa vitambaa vya kuchujia maziwa. Hakuna hatua katika mfuatano huu iliyotegemea kubahatisha, kwa maana kitambaa kilishushwa daraja kwa kadiri ya nguvu iliyobaki ndani yake, kama vile mwalimu anavyopanga wanafunzi kwa uwezo.

Hali ya hewa ya Meru imechangia kuiweka hai sehemu moja ya ufundi huu. Mlima una urefu wa mita 4,566, mji wenyewe umekaa kwenye takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vya migombani juu ya Tengeru ni vya baridi zaidi, hasa kati ya Juni na Agosti ambapo ukungu huweza kuziba jua siku nzima. Huko blanketi la viraka si pambo. Hutengenezwa kwa matabaka matatu: juu huwekwa vipande vilivyoungwa, katikati huwekwa sweta za mitumba zilizofumuka mikono na kufunguliwa zikawa bapa, na chini huwekwa shuka kuukuu au kanga mbili zilizounganishwa; kisha matabaka hayo hushonwa kwa mkono kwa mishono mirefu inayopita yote matatu, isiyoachana zaidi ya upana wa kiganja, ili sweta zisikusanyike upande mmoja blanketi linapofuliwa. Bibi alianza na kipande imara kuliko vyote katikati akapanua kuelekea nje. Wanawake wa jamii ya Siddi katika jimbo la Karnataka nchini India, ambao ni wazao wa Waafrika waliovushwa bahari karne nyingi zilizopita, wengi wao kama watumwa kupitia Goa iliyokuwa chini ya Wareno, hufanya kinyume chake: blanketi lao, liitwalo kawandi, huanzia ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati, vipande vya sari kuukuu vikishonwa moja kwa moja juu ya kitambaa cha chini, na kazi haihesabiwi kuwa imekamilika mpaka pembe zake zote ziwekewe vipande vidogo vilivyokunjwa, viitwavyo phula, yaani maua. Njia ya Siddi ina faida kubwa kwa mtu asiye na cherehani, kwa sababu kuunga na kushikiza matabaka hufanyika kwa mshono mmoja na kwa wakati mmoja, na ingefaa kufundishwa Meru pamoja na ile ya wenyeji.

Vipande vidogo mno kwa kuungwa navyo vina mahali pake. Hukatwakatwa kwa ukubwa unaolingana na kujazwa mitoni, na ulinganifu huo ndio siri ya mto usio na madonge. Vilivyobaki huviringishwa ndani ya soksi na kufungwa kamba, vikawa mpira wa chandimu wa watoto wa mtaani. Kanga iliyochoka kabisa husokotwa kuwa ngata, ule mviringo unaowekwa kichwani chini ya mzigo, na siku za gulio la Tengeru zinaonekana ngata nyingi chini ya mikungu ya ndizi.

Kati ya vitu vya nyumbani visivyo vitambaa vya kawaida, kiroba ndicho kilichobadilika hadhi kwa haraka zaidi. Kiroba ni mfuko uliofumwa kwa tepe nyembamba za plastiki, unaobeba unga, mchele, sukari au chakula cha kuku. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ile ambayo watu waliizoea kwa jina la rambo, masoko ya Arusha yalihitaji mifuko mbadala ndani ya siku chache, na wanawake waliokuwa na cherehani za miguu walitazama viroba vilivyolundikana jikoni kwa jicho jipya. Kiroba kina tabia zake ambazo hazifanani na za pamba. Kingo zake hufumuka mara tu zinapokatwa, kwa hiyo lazima zikunjwe mara mbili au zizungushiwe utepe. Mishono iliyosongamana hukidhuru, kwa maana sindano inapotoboa matundu mengi yaliyokaribiana tepe hukatika na mfuko hupasuka kwa kufuata mstari ule ule wa uzi, hivyo fundi hurefusha hatua ya mshono na kutumia uzi wa nailoni. Jua ni adui yake mkubwa, na kiroba kilichoanikwa juani kwa miezi huvunjika kikishikwa, hata kama maandishi yake bado yanang'aa. Mfuko uliodumu kuliko yote ulikuwa na kiroba ndani na kitenge nje, na mishikio iliyokatwa kwenye mshono wa ndani ya mguu wa suruali ya jinzi, ule ambao kingo mbili zimekunjwa moja ndani ya nyingine na kupigwa uzi mara mbili kiwandani; hakuna fundi wa kibarazani anayeweza kushona mshikio imara kuliko huo, na kwenye suruali iliyotupwa unapatikana bure. Matabaka ya namna hiyo yanahitaji sindano namba 16 au 18, kwa kuwa namba 14 inayofaa kitenge huvunjika au huruka mishono.

Yapo mabaki ambayo busara inataka yaachwe. Chandarua kilichotiwa dawa ya kuua mbu, bidhaa ambayo Arusha yenyewe huzalisha kwa wingi katika kiwanda cha A to Z, hakifai kufanywa mfuko wa mboga wala kifuniko cha chakula hata baada ya kufuliwa, na viroba vilivyobeba mbolea au dawa za mashambani vitengwe na kila kitu kinachoingia jikoni. Onyo hili linapaswa kutolewa kwa sauti kubwa, kwa sababu uzuri wa ubunifu huwafanya watu wasahau kitu kilikuwa na kazi gani kabla.

Usomaji wa kipande unakuwa suala la afya pia katika taulo za kike za kufua, ambazo vikundi vya ushonaji hufundisha wasichana kujishonea. Mwaka 2018 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, na 2019 ikairudisha. Wasichana wengi waliobaki na bei wasiyoimudu walihitaji jibu ambalo halikusubiri bajeti. Tabaka la juu linalogusa ngozi hukatwa kwenye fulana ya pamba iliyofuliwa mara nyingi, kwa kuwa ufuaji umekwisha kuilainisha. La kati hukatwa kwenye taulo kuukuu, lililo na vitanzi vinavyonyonya. La chini huhitaji kitambaa kilichofumwa kwa kubana kisichopitisha maji kwa haraka. Hapa poliesta, inayofukuzwa kwenye tabaka la juu kwa sababu hainyonyi, inapata kazi yake chini. Taulo hizo zifuliwe kwa sabuni na zianikwe juani, na hapa ndipo msichana anapohitaji kuungwa mkono na wakubwa wake nyumbani, kwa sababu aibu ya kuanika hadharani imewafanya wengi wazifiche zikiwa mbichi, na unyevu huo ndio unaoleta madhara.

Utalii umeleta soko ambalo akina bibi hawakulijua. Shanga, mradi ulioanza 2007 na unaoajiri watu wenye ulemavu, ulianza kwa mikufu ya shanga na kitenge, na leo una ushonaji, ufumaji na uyeyushaji wa chupa zilizotumika ndani ya karakana moja hapa Arusha. Kazi zake zimewaonyesha wakazi wengi wa jiji kwamba kitu kilichotokana na mabaki kinaweza kusimama dukani bila kuomba huruma. Hata hivyo soko la wageni linapenda rangi kali na vitu vidogo vinavyoingia kwenye begi la safari, na vikundi vinavyolifuata soko hilo peke yake huanza kukata kitambaa kizima ili kupata vipande vinavyofanana. Huo ni upotevu wenye sura ya ubunifu. Kikundi kinachotaka kudumu kinahitaji pia mteja wa jirani, yule anayenunua blanketi kwa ajili ya baridi na mfuko kwa ajili ya soko, kwa kuwa mteja huyo hurudi kulalamika mshono ukifumuka, na malalamiko yake ndiyo yanayofundisha.

Nafasi ya kuufundisha ufundi huu kwa utaratibu ipo sasa kuliko zamani. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeuweka mkondo wa amali, yaani masomo ya stadi za kazi, sambamba na mkondo wa jumla katika sekondari, na kabla ya hapo vyuo vya ufundi stadi vya VETA vilikuwa tayari vikifundisha ushonaji. Mazoea katika madarasa mengi ni kumwanzisha mwanafunzi kwa karatasi, kisha kitambaa kipya, na gharama ya kitambaa hicho humfanya aogope kukata. Inafaa zaidi aanze na mabaki, na kitu cha kwanza kushona kiwe kishikio cha sufuria, kile kitambaa cha mraba chenye matabaka kinachozuia mkono usiungue. Kitu hiki kidogo kinadai karibu kila kilichoelezwa hapo juu: lazima kiwe pamba tupu, kwa sababu poliesta huyeyuka ikigusa sufuria ya moto na kuganda kwenye ngozi, hivyo mwanafunzi hawezi kukwepa jaribio la moto, lazima kila kipande kifuliwe kabla, taulo kuukuu la katikati lazima lishikizwe kwa mishono inayopita matabaka yote, na kona zake nne zikikatwa mviringo hazikubali utepe wowote isipokuwa ule uliokatwa mshazari. Mwalimu anaweza kukikagua kwa kukishika, kukivuta kwa pande zote mbili na kwa pembe, kukifua, kisha kuipua nacho sufuria ya maji yanayochemka, na akishaifikisha sufuria hiyo mezani bila mkono kuungua, mwanafunzi apewe mkasi mkubwa na suruali ya jinzi.